KABLA YA CHAKULA AU BAADA?

Kwetu nyumbani ni sheria: mgonjwa hamezi dawa kabla ya kutia kitu tumboni. Babu yangu aliishika sheria hiyo miaka yote aliyotumia vidonge vya imatinibu kwa saratani ya damu, wala hakukosea. Dawa hiyo huchoma tumbo, nayo humezwa pamoja na mlo na glasi kubwa ya maji.

Mwaka wa 2023 dawa ikaacha kumfaa. Daktari akambadilishia, akampa nilotinibu. Kwenye bahasha wakaandika "2 x 2", basi. Babu akaendelea vilevile: chai ya maziwa, chapati na mayai ya kukaanga, halafu dawa.

Lo! Kumbe dawa ile ni kinyume kabisa cha ya kwanza. Mgonjwa hukaa saa mbili bila kula, akaimeza kwa maji, kisha akangoja saa nzima ndipo ale. Haiyeyuki vizuri katika maji, lakini chakula cha mafuta na nyongo huiyeyusha. Akiimeza baada ya mlo wa mafuta mengi, kiasi kinachoingia katika damu chaweza kuongezeka kwa asilimia 80 na zaidi, na ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata mtu akafa. Babu alikuwa ameanza kushikwa na kizunguzungu. Nilipofunga shule ndipo nikasoma kile kikaratasi cha ndani ya pakiti: Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mayai ya chawa! Tukamrudisha kwa daktari siku iyo hiyo.

Wapo watakaosema eti mgonjwa mwenyewe angeuliza. Jamani, mtu ataulizaje jambo asilojua kuwa lipo? Tena mzee aliyekwisha kuambiwa "kula kwanza" na hospitali hiyo hiyo?

Nionavyo mimi, anayetoa dawa za saratani asiandike hesabu tu. Aandike na habari ya chakula, kwa Kiswahili, kwa saa za ukutani. Mimi nilimbandikia babu karatasi jikoni: "Alfajiri saa kumi na mbili, dawa. Saa moja, chai. Jioni usile tangu saa kumi. Saa kumi na mbili, dawa. Saa moja, chakula." Haikunichukua hata dakika mbili. Babu hunung'unika kuwa chai yake inacheleweshwa, lakini haigusi mpaka saa moja ifike.