JE, CHEMA CHAJIUZA?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilwa Masoko. Mgeni mmoja, mtu wa makamo, aliniuliza ni nani aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Mimi niliyezaliwa pale, ambaye kila asubuhi hukiona kisiwa cha Kilwa ng'ambo ya maji, sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331. Niliona haya sana.

Wahenga walisema chema chajiuza. Nathubutu kusema kuwa si kila mara. Pwani yetu ina fukwe nyeupe, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Bara, upande wa Liwale, wako tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hata hivyo, watalii wengi huenda Serengeti na Unguja.

Tena tukumbuke Tendaguru. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbisha huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na wapagazi wetu wakaichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa mijusi hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, asimama Berlin, na watu hutoa fedha kumtazama. Wangapi kati yetu wamekwisha kufika kilimani alikotoka?

Wako watakaosema kwamba kwanza zijengwe hoteli. Hoteli zafaa, lakini hoteli haimzuii mtu kuvua kwa baruti na kuvunja matumbawe, wala kung'oa jiwe la gofu akajengee ukuta wake. Anayeweza kumzuia ni jirani yake, akijua thamani ya kitu kile.

Kwa hiyo natoa shauri: kila mwaka kidato cha kwanza kipelekwe Kilwa Kisiwani, na cha pili Tendaguru. Kama shida ni nauli, na tulime bustani tuuze mboga. Mimi nitakuwa wa kwanza kushika jembe.

Mgeni atauliza tena. Safari hii tumjibu sisi.