Bia Imelala, Msiamshe Ugomvi

Mpenzi msomaji, mwezi huu nakuletea kisa cha chupa 40 za bia. Usishtuke, hakuna aliyelewa!

Nilikwenda kuwatembelea kaka yangu na wifi huko Minneapolis, Marekani, katikati ya baridi kali. Kule ni ruksa kutengeneza bia ya kunywa nyumbani, mradi usiuze. Rais Jimmy Carter ndiye aliyesaini sheria hiyo mwaka 1978. Basi kaka akapika lita 20 kwa ajili ya sherehe yao ya miaka kumi ya ndoa.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, akafungua chupa ya kwanza mbele yetu. Jamani, kimya! Hakuna "psii", hakuna povu. Wifi akasema, "Si nilikwambia tununue tu dukani?" Nami, bila aibu, nikacheka. Kaka hakujibu. Alibeba chupa yake akashuka zake chini.

Usiku nikamfuata kwenda kumwomba radhi. Kile chumba cha chini kilikuwa na nyuzi 12! Nikamuuliza, "Kaka, bia inapataje gesi?" Akanieleza: kabla ya kufunga chupa unaongeza sukari kidogo, hamira iliyobaki inaila na kutoa gesi, na kwa kuwa kizibo kimebana, gesi inabaki ndani ya bia. Lakini hamira inataka joto la nyuzi 20 hadi 24, kwa wiki mbili au tatu. Kwenye baridi inalala. Alipomaliza kusema hivyo tukatazamana.

Asubuhi tulikagua watatu. Vizibo? Vimebana. Sukari? Aliweka gramu 130, inatosha. Wifi akataka kuongeza kijiko kila chupa, kaka akamzuia: hamira ikiamka itaila yote, na chupa zinaweza kupasuka. Sukari inaongezwa pale tu ilipokuwa imesahaulika kabisa, tena gramu 3 kwa chupa ya nusu lita, kisha kizibo kipya.

Basi tukazipandisha sebuleni zikiwa kwenye maboksi, tukazipindua taratibu ili hamira iliyotuama chini ichanganyike. Tukaziacha, bila kufungua moja moja kila siku kwa kiherehere.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani simu ilipolia. Wiki mbili zimepita, chupa moja imekaa kwenye friji siku mbili. "Wifi, sikiliza!" Psii! Nikamsikia kaka anacheka, na wifi akimwambia, "Nisamehe, mume wangu."

Bia haikuwa mbovu, ilikuwa imewekwa pabaya. Wapenzi wangapi tunawahukumu hivyo hivyo? Kabla hujamwambia mwenzio hafai, pima kwanza joto la nyumba yenu.

Tukutane mwezi ujao!