Vidanje nyumbani si kosa, lakini mafuta machafu yanaenda wapi?

Niseme wazi kwanza: sipingi mtu anayefanya vidanje ya gari lake mwenyewe, katika kiwanja cha nyumba yake. Hapa Kalemie wengi wanafanya hivyo na wana sababu. Bei ya garaji inauma. Halafu ukifanya mwenyewe unajua ni mafuta gani yameingia, na unajua kama filtri imebadilishwa kweli, maana kuna mahali filtri ya zamani inapanguswa na kitambaa tu, wewe unalipia mpya.

Ninachopinga ni kile kinachofuata. Ile beseni yenye mafuta meusi inamwagwa wapi? Na ile bidoni tupu ya mafuta mapya inapewa nani? Katika mji huu maswali hayo mawili yanawagusa wasio na gari kuliko wenye gari.

Nianze hata hivyo na gari lenyewe, kwa sababu magari ya mazutu yanayoingia siku hizi si kama yale ya zamani. Motere ya 1HZ ya Land Cruiser tuliyoizoea inasamehe mengi. Inakunywa 15W-40 ya kawaida, ukichelewa kidogo inavumilia. Motere za sasa zina turbo, zinapuliza mazutu kwa mgandamizo mkubwa sana, na nyingine zina chujio la moshi kwenye egzosi. Chujio hilo linakamata masizi, halafu linayachoma lenyewe gari likitembea safari ndefu. Mafuta ya motere ya kawaida yana viungo ambavyo vikiungua vinaacha majivu, na majivu hayaungui tena. Yanajaa ndani mpaka chujio linaziba. Ndiyo maana kitabu cha gari la namna hiyo kinaomba mafuta yenye alama kama ACEA C2 au C3, mara nyingi 5W-30. Usinunue kwa kuangalia rangi ya bidoni. Soma hizo herufi nyuma, na uangalie kama kizibo hakijafunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mashofere wengi wa hapa hawajalizoea. Tulifundishwa kwamba mafuta ya motere yanapungua. Katika gari lenye chujio yanaweza kupanda. Likitembea safari fupi fupi tu, kutoka sokoni hadi bandarini na kurudi, chujio linaanza kujisafisha, motere inaongeza mazutu ili joto lipande, unazima gari kabla kazi haijaisha, na sehemu ya mazutu hayo inateremka kwenye karteri. Ukichomoa kijiti ukakuta mafuta yamepita alama ya juu na yananuka mazutu, usifurahi kwamba gari lako halili mafuta. Yamekuwa mepesi, hayalindi tena turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Yakizidi sana, motere inaweza kuyavuta na kujiendesha nayo: unageuza ufunguo, haizimiki. Hapo fanya vidanje mara moja, usingoje kilomita za kitabu. Na kitabu chenyewe, kama kiliandikwa kwa ajili ya barabara za Ulaya, kinaweza kukuruhusu kilomita 15,000. Kwa vumbi letu na mazutu ya kununua kwa bidoni, mimi singepita 5,000.

Kazi yenyewe haichukui zaidi ya saa moja. Gari liwe mahali pa sawa, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake; weka vigogo imara pande zote. Mafuta yawe ya uvuguvugu, yasiwe ya kuunguza. Rondela ya kizibo cha karteri iwe mpya. Ukitoa filtri, hakikisha mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye motere, kwa sababu mpira juu ya mpira unaweza kumwaga mafuta yote barabarani kwa dakika chache. Jaza kwa kipimo: gari dogo linachukua lita 4 hadi 6, zile kubwa za barabara mbaya lita 7 hadi karibu 10. Washa, zima, ngoja kidogo, pima tena. Basi, gari limepona.

Sasa tuangalie beseni.

Mara nyingi inamwagwa kwenye mtaro, au nyuma ya choo, au kwenye shimo la takataka. Jibu la kawaida ni kwamba ni kidogo, udongo utameza. Udongo unameza kweli, halafu mvua inakuja. Kalemie ni mji wa miteremko, na maji ya mitaro yetu yana njia mbili tu, ziwani au Lukuga. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulika na mazingira, EPA, linasema mafuta ya vidanje moja yanaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, yaani karibu lita milioni 3.8, maji ya watu 50 kwa mwaka mzima. Hesabu hiyo si lazima itokee kila mara mtu anapomwaga, lakini inaonyesha kwamba neno kidogo halifai hapa.

Nani anachota maji hayo? Mwenye bomba la Regideso linalotoka kila siku ana bahati. Wengine wanateremka ufukweni na ndoo. Ndugu zetu waliokimbia vita tangu mwaka 2016, vita vya Watwa na Waluba, na wale wanaoendelea kufika kwa sababu ya vita vingine, wamepitia Katanika, Kalunga na kwingine, na wanajua maana ya kupanga foleni kwa bidoni moja. Wamefundishwa, na wamefundishwa vizuri, kutia dawa ya klorini kwa sababu ya kipindupindu. Hapa nataka mama yeyote anayesoma au kusikiliza anielewe: klorini inaua vijidudu, haitoi mafuta ya motere. Kuchemsha vilevile hakuyatoi. Maji yenye rangi za upinde wa mvua juu yake, au yenye harufu ya garaji, yasinywewe hata kama umeyatia dawa mara mbili.

Na mafuta yaliyotumika ni mabaya kuliko mapya. Yamepikwa ndani ya motere, yamebeba masizi, chembe za chuma na sumu zinazotokana na kuungua, nyingine zinazojulikana kuleta kansa. Vijana wanaofanya kazi garaji wakiwa mikono mitupu tangu asubuhi, na wengi wao ni watoto wa familia zilizohamishwa wanaotafuta franga za chakula, wanayabeba kwenye ngozi mpaka jioni. Sabuni na maji ni haki yao ya kazi. Na tuache ile tabia ya kupaka mafuta meusi kwenye vidonda, iwe vya mbwa, iwe vya mtu.

Kwa mafundi wanaomwaga upande wa Lukuga nina swali. Ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 na maji yanayokaa humo mamia ya miaka, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huu mto wetu. Lukuga haileti maji mjini, inayapeleka: inateremka kuelekea upande wa Nyunzu mpaka Lualaba. Wengi waliomo kambini walitoka upande huohuo na wanatamani kurudi. Tunawatumia nini mbele yao? Na mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu, maji yalipita juu ya udongo uleule tuliosema umemeza.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni bidoni. Bidoni ya mafuta ya motere ni nzuri, ngumu, ina mkono na kizibo kinachobana. Ikimalizika inauzwa au inatolewa bure kwa mtoto anayepita. Inasuguliwa kwa majivu, mchanga na sabuni, halafu inatiwa maji ya kunywa, au mafuta ya mawese, au mandale ya kuuza. Plastiki inanyonya mafuta ndani ya kuta zake. Harufu inaweza kuisha juujuu, jua likiichoma inarudi, maana yake bado kitu kinatoka. Siwalaumu wamama wanaoinunua. Mtu aliyekimbia usiku bila sufuria hachagui bidoni. Anayepaswa kuchagua ni yule anayeitoa, kwa sababu yeye ndiye anajua kilichokuwamo.

Na hapa ndipo naona dawa isiyo na gharama. Lita ulizotia kwenye gari ni karibu sawa na lita ulizotoa. Kwa hiyo yale machafu yanaenea katika bidoni uliyomaliza sasa hivi. Yarudishe humo kwa mdomo wa chupa iliyokatwa, funga, andika kwa rangi MAFUTA MACHAFU, iweke juu mahali mtoto hafiki. Mtaro umepona, na bidoni hiyo haitafika tena kwenye foleni ya maji. Filtri nayo igeuzwe idondoshe usiku mzima humohumo kabla ya kutupwa.

Najua swali litakalofuata: nitakaa na bidoni hizo mpaka lini? Ni swali la haki, na jibu si la mwenye gari peke yake. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inakataza kutupa majini vitu vinavyochafua, lakini sheria bila pipa inamwacha fundi na mtaro wake. Komine ziweke mapipa ya lita 200 karibu na garaji kubwa, yenye kifuniko na paa, na mlinzi. Sehemu nyingi za dunia mafuta haya yanachomwa katika matanuru ya simenti, ambako moto ni mkali kuliko moto wowote wa kiwanjani. Sisi tuna kiwanda cha simenti Kabimba, kwenye ukingo wa ziwa hilihili. Mkoa ukae nao, uulize kama tanuru lao linaweza kuyapokea na kwa masharti gani. Wakisema hapana, tutajua tutafute pengine. Wanaonunua mafuta hayo ili kupaka nguzo kwa ajili ya mchwa, au kulainisha mnyororo wa msumeno, ni afadhali kuliko mtaro, ila nguzo hizo zisiwe karibu na kisima wala ndani ya nyumba mnamolala.

Na tusiwasahau wenye magari mengi. Mashirika yanayokuja kusaidia wakimbizi yana Land Cruiser nyingi na jenereta zinazonguruma mchana na usiku. Jenereta ya mazutu inahitaji vidanje kwa kawaida kila saa 250 za kazi, na ikifanya kazi bila kuzimwa, hizo ni siku kama 10 tu. Yanatoa ripoti za ndoo, za klorini, za vyoo. Wiki hii nawaandikia wakuu wao wa lojistiki swali moja: mafuta ya vidanje zenu za mwezi uliopita yako wapi leo? Majibu yatakayofika nitayasoma hapa kama yalivyo, na wasiojibu nitawataja pia kwamba hawakujibu.