Mzee akishindwa kuzuia mkojo, usimnyime maji

Mzee anapoanza kulowesha kitanda, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kumpunguzia maji. Anayemuuguza huamini kwamba kikombe kikipungua, mashuka ya kufua nayo yatapungua. Wakati mwingine mzee mwenyewe ndiye anayekataa kunywa, kwa sababu anaona aibu kumwachia mke wa mwanawe kazi ya kufua.

Katika eneo lenye joto kama Mnyuzi, wilayani Korogwe, uamuzi huo ni wa hatari. Mzee asiyekunywa maji ya kutosha hupata mkojo mzito unaokera kibofu, hivyo haja humjia ghafla zaidi. Hufunga choo, na kinyesi kilichokauka hukandamiza kibofu. Anaweza pia kupata maambukizi ya njia ya mkojo, au kizunguzungu kikamwangusha. Kazi iliyokusudiwa kupungua inaongezeka.

Dawa ni kupanga muda. Mzee anywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kisha apunguze ikifika jioni. Chai na kahawa ziishie mchana. Asindikizwe chooni kila baada ya saa mbili au tatu bila kungoja aombe. Kama choo kiko nje, usiku awekewe ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na tochi mahali anapofikia kwa mkono. Khanga, msuli au suruali ya mpira kiunoni ni rahisi kuvua kuliko nguo yenye vifungo.

Si uzee tu

Wengi husema, "Ni uzee huo," na mambo yanaishia hapo. Lakini mkojo usiozuilika mara nyingi una sababu, na sababu nyingine zinatibika. Inaweza kuwa kisukari, maambukizi, kiharusi au dawa ya presha inayoongeza mkojo. Dawa hiyo msiikatishe wenyewe. Muulizeni daktari kama inafaa kunywewa asubuhi.

Kwa wanaume, mkojo unaodondoka wakati kibofu kimejaa unaweza kutokana na tezi dume. Kwa wanawake, misuli ya nyonga huweza kulegea baada ya uzazi mwingi, na yapo mazoezi ya kuikaza. Mama ambaye mkojo umekuwa ukimvuja mfululizo tangu alipojifungua miaka mingi iliyopita anaweza kuwa na fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Mficha uchi hazai. Anzieni zahanati, na ikihitajika mtapewa rufaa kwenda hospitali kama Magunga, mjini Korogwe.

Msichelewe iwapo mkojo una damu, haja imeziba kabisa, mzee ana homa, ameanza kuchanganyikiwa ghafla au miguu imepoteza nguvu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Ulizeni ofisi ya kijiji kuhusu kitambulisho.

Ngozi na nguo

Nepi za watu wazima ni ghali. Vipande vya khanga kuukuu vilivyokunjwa vinaweza kusaidia, mradi vibadilishwe mara vinapolowa, vifuliwe kwa sabuni na vianikwe juani. Plastiki ikae chini ya shuka, isiguse ngozi. Msafisheni kwa maji na sabuni laini, mkausheni taratibu bila kusugua, kisha mpakeni mafuta ya mgando. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia.

Heshima yake

Mlango ufungwe wakati wa kumsafisha, afunikwe sehemu isiyooshwa, na aelezwe kinachofanyika kabla ya kuguswa. Nepi isitajwe mbele ya wageni. Watoto wasiruhusiwe kumwita kikojozi, kwani namna wanavyoona babu akitunzwa ndiyo watakayoichukua.

Wazee wengine huacha kwenda msikitini au kanisani kwa kuogopa harufu. Nguo safi na kitambaa cha akiba mfukoni humrudisha mtu kwa wenzake. Kwa Mwislamu, mkojo usiozuilika ni udhuru unaojulikana katika fiqhi na haumwondoi katika sala. Sheikh wa karibu atamwelekeza namna ya kutawadha.

Kazi hii isiachiwe mkwe peke yake. Mtoto aliyeko Tanga au Dar es Salaam anaweza kutuma fedha za sabuni na nepi, na akija likizo ashike zamu ili anayeuguza alale. Kabla ya kugawana zamu hizo, muulizeni mzee mwenyewe angependa nani amwogeshe. Jibu lake lifuatwe, hata kama litamlazimu mtoto wa kiume kujifunza kazi ambayo hakuwahi kuifanya.