Jembe Halitoshi

Ukitaja mazoezi kijijini kwetu Wampembe, utajibiwa kabla hujamaliza: hayo ni ya watu wa mjini wenye vitambi, sisi jembe linatutosha. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na niliyaamini. Leo nasema si kweli, na yanawaumiza mama zetu.

Mwangalie mama anayeanika dagaa ufukweni. Ameinama tangu asubuhi, miguu imenyooka, mkono ule ule ukigeuza dagaa, kisha anajitwisha beseni. Jioni anashika nguzo ya mlango ndipo mgongo unyooke. Hiyo ni kazi, tena ya heshima, lakini kila siku inachota nguvu pale pale na hairudishi kitu.

Mimi nimekulia kwenye kazi hizo. Nilipoingia studio ya mazoezi ya pilates Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, nilijua nitawapita wote. Mwalimu alitulaza chali, kichwa na miguu juu, mikono ikipigapiga hewani: vuta pumzi kwa hesabu ya tano, toa kwa tano, mpaka mia. Nilipofika arobaini tumbo lilitetemeka na kiuno kikainuka. Mwalimu akapitisha ngumi chini yake, ikapita bila kugusa. Nguvu za kubeba ndoo ninazo. Za kuulinda mgongo unaoibeba, sikuwa nazo.

Wasioamini wasome utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen. Waliofanya mazoezi kwa hiari walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo. Wenye kazi za sulubu walikuwa na hatari kubwa zaidi.

Wala msiniambie pilates ni anasa ya matajiri. Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883, aliyakuza mazoezi haya akiwa kizuizini mikononi mwa Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mashine za springi zipo, ndiyo, ila mengi hufanyika sakafuni.

Na mkeka Wampembe haukosekani. Mama, utandike kabla ya kwenda shamba, anza na hesabu ya ishirini. Mwenye maumivu makali apite kwanza kituo cha afya. Nawe baba unayesema jembe linamtosha mkeo, dakika kumi tu mshikie mtoto, uchote na maji.