Vijeba wa umri tunawasaka, vijeba wa kilo tunawapigia makofi

NIMEZOEA kuandika soka. Ukiniona Turiani ujue nimekuja Manungu kuiangalia Mtibwa Sugar, na mechi ikiisha napita kwa mama lishe, nakula, nasubiri gari la kurudi Morogoro mjini. Lakini leo wadau naomba mniruhusu nitoke nje ya mstari kidogo, niingie ulingoni.

Sababu ni dogo mmoja wa hapa hapa Turiani. Jina lake silitaji kwa kuwa bado anatafuta mapambano na sitaki nimharibie riziki. Nilimjua akicheza winga kwenye timu za mtaani, baadaye akahamia kwenye ngumi. Asubuhi anakata miwa, jioni anapiga begi lililotundikwa kwenye mwembe. Mwaka jana akapigiwa simu: kuna pambano la utangulizi, raundi sita, zimebaki siku tisa. Kilo zinazotakiwa ni 61. Yeye siku hiyo ana 67.

Akakubali. Ungekuwa wewe, huna kitu mfukoni, ungekataa?

Nilimuona siku mbili kabla ya kupima. Jua la saa nane, amevaa koti la mvua na ndani amejifunga mifuko ya nailoni, anakimbia kwenye barabara ya vumbi katikati ya miwa. Maji hanywi. Hata mate anayatema kwenye chupa ili nayo yapungue. Siku ya kupima akawa sawa, watu wakampigia makofi. Kesho yake akapanda ulingoni na jamaa ambaye jana walilingana kwenye mizani, ila usiku ule alionekana kama kaka yake mkubwa. Raundi ya pili, kwisha habari. Kichwa kilimuuma wiki mbili, na hospitali alijipeleka mwenyewe.

Watu wa Turiani hawahitaji profesa wa kuwaeleza jambo hili. Muwa ukishakatwa ukachelewa kufika kwenye mizani unakauka, uzito unashuka, anayeumia ni mkulima. Bondia tunamfanyia makusudi. Tunamkausha, tunampandisha kwenye mizani, halafu anakunywa maji na kula usiku kucha, na kesho tunatangaza ukumbini kwamba ana kilo 61. Hana. Alikuwa nazo jana mchana kwa dakika mbili.

Sisi wa soka tunaujua mchezo huu kwa jina lingine. Tunawaita vijeba. Serengeti Boys walinyang'anywa nafasi ya kwenda fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia kwa sakata la umri, na aibu ile hatujaisahau. FIFA nao wakaanza kuwapiga vijana picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2009, kwa sababu cheti peke yake kilikuwa hakitoshi. Tulikubali kwamba karatasi inaweza kudanganya. Sasa kwa nini kwenye ngumi tunaiamini karatasi ya jana? Tena kijeba wa soka atakunyang'anya mpira. Kijeba wa kilo anakupiga kichwani.

Na siyo tatizo la mabondia wa uchochoroni tu. Mwaka 2000 pale Madison Square Garden, New York, Arturo Gatti alipimwa na Joey Gamache kwa kilo 64 hivi. Usiku wa pambano mizani ya televisheni ikamsoma Gatti kilo zaidi ya 72. Gamache alizimwa raundi ya pili na hakupigana tena maisha yake yote. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2010 jaji akasema kamisheni ilizembea kwenye kupima.

Mwaka 2005, José Luis Castillo alizidi uzito kabla ya kurudiana na Diego Corrales, na mtu wa kambi yake akanaswa akiinyanyua mizani kwa mguu. Pambano likaendelea kama hakuna kilichotokea. Corrales akapigwa KO raundi ya nne. Mwaka 2024, Ryan Garcia alizidi zaidi ya kilo moja, akalipa fedha, akapanda ulingoni na kumwangusha Devin Haney mara tatu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Aprili 2025, kwenye uwanja wa Tottenham ambao mashabiki wa Ligi Kuu ya England mnaujua vizuri. Chris Eubank Jr alizidi uzito kwa gramu zisizofika 25, akapigwa faini ya pauni 375,000. Mkataba ukamtaka apimwe tena asubuhi ya pambano, asirudishe kilo kupita kiasi. Akamshinda Conor Benn kwa pointi, halafu akaishia hospitali. Yeye alikuwa na fedha, madaktari na gari la wagonjwa lililokuwa tayari. Dogo wa Turiani akipata shida usiku kama ule, ana nini?

Kuna watakaosema dawa ni kupunguza madaraja ya uzito. Ni kweli yamekuwa mengi. Zamani yalikuwa manane, leo yamefika 17, na WBC wameongeza la 18. Chini kabisa, tofauti kati ya daraja na daraja ni kilo moja na kitu tu. Mikanda imejaa mpaka shabiki hajui bingwa ni nani. Lakini tukirudi kwenye manane, mwenye kilo 67 bado atatafuta namna ya kushuka akamuonee mdogo. Madaraja mengi ni tatizo la biashara. Linaloumiza watu ni namna tunavyopima.

Wengine watasema basi wapimwe siku ile ile ya pambano, kama ilivyokuwa zamani. Hapo napo tuwe makini. Kupima kulisogezwa siku moja nyuma ili bondia apate muda wa kurudisha maji mwilini. Ukirudisha mizani asubuhi ya pambano bila kufanya kingine chochote, wapo watakaojikausha vile vile na kupanda ulingoni wakiwa wakavu. Madaktari wanaonya kuwa mwili uliokosa maji unauweka ubongo kwenye hatari kubwa zaidi unapopigwa. Kwa hiyo kubadili saa peke yake hakutoshi.

Kinachofaa ni kumfuatilia bondia mapema, na sheria za kuigwa zipo. WBC wanataka kwenye mapambano ya ubingwa wao bondia asizidi asilimia 10 ya uzito wake siku 30 kabla, na asizidi asilimia 5 siku saba kabla. Kwa daraja la kilo 61, ina maana mwezi mmoja kabla usizidi kilo 67 na wiki moja kabla usizidi 64. IBF wao wamewahi kuwa na sheria ya kupima tena asubuhi ya pambano la ubingwa, na bondia hakuruhusiwa kuwa juu ya kikomo kwa zaidi ya pauni 10, kama kilo nne na nusu.

Tatizo ni kwamba sheria hizi ni za wenye mikanda, na wanaokauka sana ni wa mapambano ya utangulizi. Kwa hiyo TPBRC, ambao ndio wanaosimamia ngumi za kulipwa nchini, nawaomba mambo manne.

La kwanza, bondia apimwe anaposaini na apimwe tena wiki moja kabla, kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu naye. Matokeo yatumwe kwa simu yakiwa na picha na mhuri wa daktari. Aliyezidi asilimia 5 ndani ya wiki ya mwisho, pambano lihamie daraja la juu au lifutwe. Sheria hii ingekuwepo, dogo wangu asingepewa pambano la kilo 61 akiwa na 67 zikiwa zimebaki siku tisa.

La pili, wapimwe tena asubuhi ya pambano, na kuwe na kikomo cha kilo za kurudisha. Wa raundi nne na sita wapimwe pia, wasiachwe.

La tatu, mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo. Mizani ya miwa inakaguliwa, ya pamba inakaguliwa, hata ya muuza nyanya sokoni. Ya kupimia uhai wa mtu nayo iwe na stika.

La nne, na hili ndilo gumu: bondia aliyefikisha uzito halafu mpinzani wake akazidi, awe na haki ya kukataa na alipwe fedha yake yote. Leo anaambiwa achague mwenyewe. Lakini kama asipopigana halipwi hata nauli, hapo amechagua nini?

Mapromota watalalamika gharama. Nawaelewa, kuandaa pambano siyo mchezo. Ila kupima mtu mara tatu hakuwezi kuwa ghali kuliko kumuuguza, na haya yote hayahitaji mtambo kutoka Ulaya.

Morogoro ina haki ya kuongoza kwenye hili. Hapa ndipo nyumbani kwa Francis Cheka, aliyemshinda Mmarekani Phil Williams mwaka 2013 na kuchukua mkanda wa WBF. Hapa ndipo alipotoka Twaha Kiduku, aliyempiga Dullah Mbabe mwaka 2020 na kurudia 2021 mpaka mji ukasimama. Vijana wa Mvomero wanaopiga mabegi chini ya miembe wanataka kuwa hao.

Na sisi mashabiki tuna la kwetu. Siku promota akitangaza kwamba pambano limefutwa kwa sababu bondia amezidi au amekauka, tusizomee wala kurusha chupa. Turudishiwe fedha ya tiketi, twende nyumbani, tuwahi mechi kesho.

Dogo wangu amepigiwa simu tena wiki iliyopita. Nikamuuliza swali moja tu: leo una kilo ngapi? Akacheka, akabadilisha mazungumzo.