Salama, Yerusalemu?

Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama kuongoza maombi. Aliomba mvua, akawaombea wagonjwa, kisha akafika Yerusalemu, na hapo sauti ikapanda. Aliomba adui za mji ule wapigwe, watawanyike, wasiinue kichwa tena. Tukaitikia amina. Tulipotoka nje, mama mmoja wa kwaya alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, hivi kule si kuna Waarabu Wakristo? Na wao tumewaombea wapigwe?" Sikuwa na jibu. Toleo hili limezaliwa na swali lake.

Agizo la kuiombea Yerusalemu amani limo katika Zaburi ya 122, mojawapo ya zile 15 ziitwazo nyimbo za kupanda mlima, ambazo wengi huamini ziliimbwa na mahujaji wakielekea hekaluni. Tunalisoma kwa neno "kuomba", na si kosa. Lakini kitenzi cha Kiebrania kilichotumika pale, maana yake ya kwanza ni kuuliza. Katika Mwanzo 43, Yusufu anapowauliza ndugu zake hali huko Misri, kitenzi ni hicho hicho, na neno linalokifuata ni hilo hilo: shalom.

Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Kila asubuhi tunaulizana, "Salama?" Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni ndugu wa shalom. Kumbe kuombea mji amani ni pamoja na kuujulia hali mbele za Mungu. Na kujuliana hali kuna adabu zake. Anayekurushia "salama?" huku amekwisha kukupa kisogo, hajakusalimu. Mwenye kuuliza husimama akasubiri ajibiwe.

Basi tuulize: Salama, Yerusalemu? Watakaojibu ni watu wapatao milioni moja. Karibu wanne katika kila kumi ni Wapalestina. Wengi wao wanaishi mashariki ya mji, iliyotekwa na Israeli mwaka 1967, na wana kibali cha ukaazi kinachoweza kufutwa, si uraia. Wapo pia Wayahudi wasiosahau mabasi yaliyolipuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambao mpaka leo mwana akichelewa kurudi nyumbani moyo unawadunda. Kila mmoja ana sababu yake ya kujibu kwamba si salama. Aliyesikiliza jibu moja tu amejulia hali mtaa, mji bado.

Zaburi yenyewe inatuongoza vizuri kuliko tunavyodhani. Kabla mshairi hajatuagiza kuomba, anataja viti vya hukumu vilivyowekwa mjini: mahali mnyonge anapopeleka shauri lake akasikilizwa. Amani inafuata baada ya haki kupata pa kukaa. Na anapofunga wimbo anawataja kwanza ndugu na rafiki zake, ndipo anaitaja nyumba ya Bwana. Watu wametangulia mawe.

Wapo watakaosema amani itakuja upande mmoja ukishinda. Hilo limejaribiwa. Warumi waliubomoa mji mwaka 70. Mwaka 1099 wapiganaji wa msalaba waliingia wakiwa wametoka kufunga na kuomba, wakawachinja Waislamu na Wayahudi. Hakuna kati ya ushindi huo ulioacha amani nyuma yake. Na Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli wauombee amani mji ule, makao ya mfalme aliyewahamisha kwao kwa nguvu. Kama Babeli iliombewa, nani tutamtoa nje ya maombi yetu?

Nenda Yerusalemu alfajiri, kwenye mlango wa Kanisa la Kaburi Takatifu. Ndani, mapadre na watawa wa madhehebu yasiyoaminiana sana wanasubiri kufunguliwa. Kupitia kidirisha kilicho mlangoni wanapitisha ngazi ya mbao. Nje, Mwislamu anaipokea, anaiegemeza, anapanda kuifikia kufuli ya juu. Ufunguo umetunzwa na ukoo wa Kiislamu wa Joudeh, na kazi ya kufungua ni ya ukoo mwingine wa Kiislamu, Nuseibeh, kwa karne nyingi sasa. Kwao mji huo ni Al-Quds, kibla cha kwanza cha Waislamu. Ukimwondoa mtu huyo kwenye sala yako, hakuna atakayekufungulia kaburi la Bwana wako.

Makala zilizomo humu zinalipitia jambo hili kwa njia mbalimbali: wimbo wa hujaji, barua ya Yeremia, maisha ya Wakristo wa Palestina, na safari za hija zinazoondoka huku kwetu. Hazikubaliani katika kila jambo, nasi hatukuzilazimisha. Tumezitaka kitu kimoja tu, kwamba zisubiri jibu.

Wiki chache baadaye, zamu ya maombi ilimwangukia mama yule wa kwaya. Alipofika Yerusalemu hakupandisha sauti. Alimwomba Mungu awaangalie wote waliolala humo, na wanaowasubiri watoto wao warudi. Kisha akanyamaza. Tukadhani amesahau amina. Kumbe alikuwa amesimama, kama mtu aliyeuliza hali, anayengoja kuambiwa.